Taa ya Tatu

Mhariri wa jarida letu ameniandama tangu muhula uanze, anataka niandike kidogo kuhusu utafiti wangu. Nimekataa, na nimekataa kwa kuwahurumia ninyi. Utafiti wangu ni wa mitetemo kwenye mabati membamba, na hata mke wangu aliyeko Moshi, ambaye ananipenda, husinzia nikiuanza kwenye simu. Badala yake nitawasimulia habari ya taa moja, ndogo kama punje ya hindi, iliyokataa kuwaka mwezi Februari 2022 nikiwa angani, na jinsi kosa lilivyokuwa langu.

Nilifika Kansas Agosti 2021, nikiwa na miaka 26, shahada moja ya uhandisi na sweta mbili ambazo nilidhani ni nzito. Wenye visa ya mwanafunzi mnajua mambo yetu. Kubeba maboksi huruhusiwi, pesa ya chuo inakwisha tarehe 20, na Jumamosi ni ndefu kuliko siku zote. Kwenye ibada ya Waafrika wa mji ule nikakutana na Mkenya mmoja, mtu wa Kisumu, ambaye alikuwa fundi wa ndege mwenye leseni na miaka zaidi ya ishirini Marekani. Alikuwa na karakana yake kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya mji. Aliposikia nasoma uhandisi alicheka akasema, "Basi kuja Jumamosi, Injinia, uone ile kitu mnachoraga." Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikaniambia kwenda kujifunza bila malipo hakuna ubaya. Nikaenda. Tangu siku ile yeye ananiita Injinia, mimi namwita Mzee, na mpaka leo sijui kama Injinia ni heshima au utani.

Mimi nilikuwa nimezoea kuona ndege ndogo tangu utotoni. Tukienda Arusha kwa mjomba tulipita karibu na uwanja wa Kisongo, na nilikuwa naziangalia zikiruka kwenda Serengeti, Cessna 206 na Caravan, matairi yakining'inia muda wote kama miguu ya nyigu. Nilidhani ndege ndogo zote ndivyo zilivyo. Kumbe zile zimechaguliwa hivyo kwa sababu. Viwanja vya mbugani ni udongo, majani, mawe na tope la masika, na fundi yuko mbali. Mguu usiokunjwa una vitu vichache vya kuharibika. Kansas uwanja ni lami tupu, tambarare, na mwenye ndege yake anataka iende kasi, kwa hiyo wengi wananunua zinazokunja miguu. Kila anayekunja miguu, siku moja atajiuliza kama imekunjuka.

Ndege ya habari hii ni Piper Arrow ya miaka ya 1970. Injini moja, viti vinne, mabawa yako chini ya madirisha. Ina miguu mitatu, mmoja puani na miwili mabawani, na inakunjwa kwa mafuta ya haidroliki yanayosukumwa na pampu ya umeme. Juu hakuna komeo linaloishikilia, ni presha ya mafuta tu. Presha ikitoka, miguu inaanguka yenyewe, na katikati ya viti vya mbele kuna mkono wa dharura wa kuiachia hiyo presha. Ikifika chini, kila mguu unajifunga kwa ndoano yake, na ndoano ikikaa sawasawa inabonyeza swichi ndogo, inalia "tik" kama kipanya cha kompyuta. Swichi hiyo ndiyo mtoa habari. Kabla haijabonyezwa, inaiacha pampu iendelee kusukuma na taa ya onyo iendelee kuwaka. Ikishabonyezwa, inawasha taa ya kijani ya mguu wake. Zikiwaka tatu, pampu inanyamaza, taa ya onyo inazimika, na rubani anashusha pumzi.

Sasa taa moja ya kijani isipowaka, shida iko wapi? Hapa ndipo Mzee alipenda kunikalisha juu ya ndoo na kunihoji. Jibu la kwanza linachekesha. Kwenye ndege hizi ukiwasha taa za usiku, zile tatu za kijani zinafifishwa makusudi zisimchome rubani macho gizani. Mtu akisahau swichi hiyo imewashwa, mchana wa jua kali haoni kitu, anadhani hana miguu. Wapo waliotangaza dharura kwa ajili hiyo. La pili ni balbu kuungua. Unaichomoa inayowaka, unaiweka kwenye tundu la ile isiyowaka. Ikiwaka, umemaliza, dakika moja. La tatu ni waya uliokatika kati ya swichi na taa, hasa pale waya unapojikunja kila mguu unapokunjwa. Huo unafanana na balbu mbovu, ila kubadilishana balbu hakusaidii.

La nne ndilo lenye meno. Taa ya kijani haiwaki, na pampu bado inanguruma, na taa ya onyo bado iko pale pale. Hapo ama swichi haikubonyezeka vizuri, ama mguu wenyewe haujafunga. Kutoka kwenye kiti huwezi kujua ni lipi, kwa sababu bawa limekuzibia, matairi huyaoni. Kwa hiyo rubani akija na malalamiko ya taa, kabla hujashika bisibisi unamwuliza habari za pampu. Mzee alinirudia hilo mara nyingi hata likanichosha.

Alikuwa na hadithi yake nyingine, na ya kwake ni ya kweli, imo kwenye kumbukumbu za ajali. Tarehe 29 Desemba 1972, ndege kubwa ya abiria ya shirika la Eastern, safari namba 401 kutoka New York, ilikuwa inakaribia Miami usiku. Taa ya mguu wa pua haikuwaka. Wakapanda futi 2,000, wakaweka mtambo wa kujiendesha, wakaanza kuhangaika na ile taa. Mmoja anaichomoa, mwingine ameshuka chini ya sakafu kuchungulia mguu. Katika kuhangaika huko mtambo ukaacha kushikilia kimo bila wao kugundua, na ndege ikashuka polepole gizani mpaka kwenye kinamasi cha Everglades. Walikufa watu 101. Mguu wa pua ulikutwa chini, umefunga. Kilichoungua ni balbu. "Watu wote wakawa mafundi," Mzee alisema, "hakuna aliyebaki rubani."

Basi. Jumamosi ya kwanza ya Februari akaja mwenye ile Arrow, mzee mzungu, mkulima wa ngano aliyestaafu, mpole, masikio yake mazito kidogo. Akasema taa ya mguu wa kulia ilikataa kuwaka juma lile wakati anarudi, halafu ilipofika karibu na kutua ikawaka yenyewe. Mzee alikuwa kwenye simu na muuza vipuri. Akanionyesha kwa kidole: mhoji, uipandishe kwenye jeki, uikunje na kuikunjua, mimi nakuja.

Nikamhoji nusu nusu. Nilimwuliza taa gani na mara ngapi. Habari ya pampu sikumwuliza. Nilijiambia kwamba kwa masikio yale asingeisikia, na kusema kweli nilikuwa naona Kiingereza changu na Kiingereza chake cha Kansas havipikiki chungu kimoja, nilishamwambia "samahani, unasemaje?" mara tatu, nikaona haya kufikisha ya nne. Ninyi mnaosoma hapa mnaijua hiyo haya. Unatikisa kichwa, unasema "yes, yes", na hujaelewa.

Tukaiinua. Nikaikunja na kuikunjua mara kumi, banda limefungwa, hita inavuma, joto kama la Tanga. Mara kumi zote taa tatu ziliwaka vizuri. Nikachomoa balbu ya kulia, nikaona kitako chake kina kutu kidogo, nikafurahi kama mtu aliyeokota noti. Nikasafisha tundu, nikaweka balbu mpya. Halafu, ili nionekane nimefanya kazi kamili, nikaingia chini ya bawa, nikabonyeza ile swichi ya kiwiko cha mguu wa kulia kwa kidole. Tik. Nikaachia, nikabonyeza tena. Tik. Mara ya tatu nikabonyeza, na mlio ukachelewa. Labda nusu ya sekunde. Kidole kilikuwa kimeshafika mwisho, halafu ndipo ikalia. Nikabonyeza tena mara tano, sita: tik, tik, tik, safi kabisa.

Nilikaa pale chini nikiitazama. Nakumbuka sakafu ilikuwa inanichoma mgongo kwa baridi ingawa hewa ilikuwa ya joto. Nilijua nimesikia. Nilijua pia kwamba nikisema, Mzee ataniuliza ilichelewa kwa nini, na sikuwa na jibu. Ningekuwa nimeleta kitu nisichoweza kukieleza wala kukirudia. Huko darasani tunakokaa, ndugu zangu, jambo usiloweza kulirudia ni bora usilitaje, hasa ukiwa wewe ndiye Mwafrika peke yako kwenye maabara na kila ukifungua mdomo unahisi unaliwakilisha bara zima.

Mzee akaja na kikombe chake cha chai. "Vipi Injinia, imekaa?"

"Imekaa, Mzee. Ilikuwa balbu."

Akachungulia tundu la taa, akaikunja miguu yeye mwenyewe mara tatu, ikafanya vizuri mara tatu. Akaniangalia. "Hiyo ya balbu umeona, ama umefikiria?"

"Nimeona," nikasema. Na kutu nilikuwa nimeiona kweli. Hivyo ndivyo nilivyojitetea usiku ule kitandani.

Juma la tatu la mwezi ule yule mkulima akanialika twende naye kuruka, kunishukuru. Asubuhi ilikuwa ya baridi kali, theluji ya juzi yake imeyeyuka na kuganda tena, na kwenye njia ya kutoka bandani tulipita kwenye madimbwi yenye barafu nyembamba juu, matairi yakirusha maji. Nilifurahi mno. Nilipiga picha mashamba ya ngano kutoka futi 5,500 nikamtumia mama baadaye. Kwenye zile picha natabasamu. Kule juu kipimajoto cha dirishani kilikuwa kimeshuka chini ya sufuri, lakini miguuni petu hita ilikuwa inapuliza, na mimi sikufikiria chochote.

Tuliporudi akapunguza mwendo, akashusha miguu. Nikasikia pampu ikianza kunguruma sakafuni. Pua, kijani. Kushoto, kijani. Kulia, giza. Na pampu haikunyamaza.

Ndugu zangu, nilijua pale pale. Sikuhitaji sekunde mbili. Balbu ikiungua pampu hunyamaza. Taa ya onyo ilikuwa inawaka mbele yangu kama jicho la mwalimu mkuu. Ule mlio uliochelewa ukanirudia kidoleni kabla haujanirudia kichwani.

Yule mzee hakusema neno. Aliongeza nguvu ya injini, akaipandisha ndege mpaka kimo cha kuzungukia uwanja, akaangalia swichi ya taa za usiku: imezimwa. Akanyoosha mkono kwenye taa ya kushoto, anataka kubadilisha balbu, na macho yake yakaondoka kwenye upeo wa macho kuelekea kwenye vile vitaa. Hapo nikasema. Nilisema kwa Kiingereza kibovu kuliko cha siku niliyotua: "Usihangaike nayo. Siyo balbu. Swichi ilichelewa mikononi mwangu, niliisikia, sikusema."

Alinyamaza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari ya Dar hadi Marekani. Halafu akasema tu, "Sawa. Mimi narusha ndege. Wewe shika hii kadi unisomee." Akanipa kadi ya dharura.

Nikamsomea. Kwanza alivuta sakiti breka ya pampu, isije ikaungua kwa kunguruma bila kikomo. Kelele ikaisha, na ukimya wake ukawa mbaya zaidi. Akapunguza mwendo, akasukuma mkono wa dharura uliopo kati yetu. Akaanza kuiyumbisha ndege kwa pedali, pua kushoto, pua kulia, ili upepo na uzito viusukume mguu ufunge kama ulikuwa bado. Taa ikabaki giza. Hapo tukawa tumebaki na lile swali la nne: swichi imeganda, au mguu haujafunga? Mimi ndiye niliyekuwa na habari iliyoelekea upande wa swichi, na habari hiyo ilikuwa na majuma mawili, na haikuwa imeandikwa popote.

Uwanja ule hauna mnara wa kuongozea ndege. Rubani akaita kwenye redio, na Mzee, ambaye huwa na redio bandani inayoongea siku nzima kama jirani asiyelala, akajibu. Tukapita chini juu ya barabara ya kurukia, yeye amesimama nje amefunika macho kwa mkono. Sauti yake ikaja kwa Kiingereza, taratibu: miguu mitatu naiona chini, imelingana. Halafu akaongeza kwa Kiswahili, na kwenye redio hiyo sidhani kama Kiswahili kilishawahi kusikika: "Injinia, kuona mguu uko chini si kuona umefunga. Ulikuwa unajua kitu?"

Rubani akaniangalia, akanipa maikrofoni. "Swichi ilichelewa, Mzee," nikasema. "Mara moja tu. Siku ile."

Kimya. Halafu: "Sawa. Mwambie ashuke na kushoto kwanza."

Niseme ukweli wa mambo, maana wengine mtadhani tulikuwa tunakufa. Ndege ndogo ikitua bila miguu, aghalabu watu hutoka wazima. Kinachokufa ni propela na injini, na akiba ya mwenyewe. Mguu mmoja ukikunjika katika kutua, ndege inaburuta bawa na kukimbilia pembeni, na pembeni pale palikuwa na mtaro. Nilikuwa na hofu, ndiyo. Lakini nilichokuwa nakitazama zaidi ni mikono ya yule mzee, yenye mabaka ya uzee, ikishika usukani bila kutetemeka, na nikawaza kwamba ameweka maisha yake kwenye neno langu la "imekaa".

Tulikaza mikanda. Akanifanya nifungue mlango kidogo na kuuzuia kwa koti langu, ili usije ukabana tukishindwa kutoka. Aligusa lami kwa tairi la kushoto, akaliacha bawa la kulia likielea juu, akalishikilia, akalishikilia, mpaka mwendo ukamwishia mikononi na likashuka lenyewe. Tairi la kulia likagusa. Ukasikika mlio mdogo wa mpira, basi. Mguu ukasimama. Hakuthubutu kuiendesha hadi bandani; alizima injini pale pale katikati ya barabara. Mzee akaja anakimbia kwa miaka yake hiyo, akajitupa chini ya bawa. Ndoano ilikuwa imekaa mahali pake. Mguu ulikuwa umefunga muda wote.

Tukaivuta ndege polepole hadi ndani, tukafunga milango, Mzee akawasha umeme wa ndege bila kurudisha breka ya pampu. Akavuta ndoo, akakaa, akaniambia nikae kwenye kiti cha rubani niangalie. Hakuna aliyegusa kitu. Hita ikavuma. Baada ya kama dakika ishirini, nikiwa natazama, taa ya tatu ikawaka.

Maji, jamani. Maji yaliyokuwa yamepenya ndani ya swichi ya zamani na kuchanganyika na grisi kuukuu. Bandani kwenye joto inafanya kazi mara kumi kwa kumi. Kule juu kwenye baridi inaganda, kile kichwa chake hakishuki hata ndoano ikikibonyeza. Siku ya kwanza iliwaka yenyewe karibu na kutua kwa sababu hewa ya chini ilikuwa na joto kidogo. Na ile nusu sekunde niliyoisikia mimi ilikuwa grisi, nzito kama nta. Mzee aliikata ile swichi kwa msumeno baadaye akanionyesha kutu ya ndani. Kama ningesema siku ile kwamba imechelewa, dawa ilikuwa rahisi: kufungua mlango wa banda, kuiacha ndege nje usiku mmoja, na kuijaribu kwenye jeki asubuhi kabla ya jua. Alinieleza hivyo bila hasira, na hilo lilinikata zaidi.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utaona sijui."

Akafikiri. "Na sasa nimeona nini?"

Sikujibu. Yule mkulima alikuwa amesimama mlangoni anavaa glavu zake. Pampu, akasema, siku ile ya kwanza pia iliendelea kunguruma. Aliisikia vizuri sana, kwa sababu ilitetemesha sakafu chini ya viatu vyake. Hakuna aliyemwuliza. Akaaga akaenda kwenye gari lake.

Mzee alilipa swichi mpya na kazi yote kutoka mfukoni mwake, kwa kuwa saini kwenye kitabu cha ndege ilikuwa yake. Mimi sina leseni, saini yangu haina maana hapo. Wote mnaofanya kazi chini ya mtu mwingine mjue jina linalochafuka ni la nani. Nilitaka kumrudishia pesa kidogo kidogo, akakataa. Alichonipa ni daftari la shule la mistari, akaniambia niandike kila kitu nilichosikia na kuona Jumamosi ile ya kwanza, pamoja na nilichokiacha, kisha nikamsomee mwenye ndege kwa mdomo. Nilimsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akanishukuru, akanipa mkono. Hadi leo tukikutana ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za nyumbani. Kuruka naye tena hajanialika, na sijamlaumu.

Mwezi mzima nilifagia banda. Katika mwezi huo nilienda kwa profesa wangu msimamizi nikamwambia kwamba kwenye data yangu ya muhula ule kuna kihisio kimoja kilichokuwa kinarukaruka, na kwamba nilikifuta kwenye grafu bila kumwambia kwa sababu kiliharibu mstari. Hakufurahi. Tulirudia majaribio ya majuma sita, na makala niliyoahidiwa ikachelewa mwaka mzima. Rafiki yangu mmoja Mganda aliniambia nimejichongea bure. Labda.

Bado nakwenda kule Jumamosi. Daftari lile limejaa, sasa niko kwenye la tatu. Kila tukikaribia kufunga, Mzee ananawa mikono kwa ule unga wa sabuni, anauliza bila kugeuka, "Injinia, leo umeona nini kidogo?" Kwake kidogo maana yake kile ambacho huna uhakika nacho. Siku nyingi sina kitu. Jumamosi iliyopita saa kumi na mbili jioni, mama wa nyumbani kwake ameshapiga simu mara mbili kwamba ugali unapoa na samaki amekwisha kaangwa, akauliza. Nikamwambia kuna skrubu moja kwenye mguu wa pua wa ile Cessna, nilipoikaza ilizunguka robo zaidi ya wenzake, na sijui kwa nini.

Akaguna. Akafuta mikono kwenye suruali, akanyoosha mkono kuchukua tochi.

"Leta jeki," akasema.